Magauni ya Kijani ya Kwaya Yetu

Mama yangu ndiye aliyeshona sare za kwaya yetu ya mtaa wa Matisi, hapa Kitale, na hilo silisemi kwa kunong'ona. Magauni ya kijani, kola nyeupe, pindo zilizonyooka. Aliyashona kwa ajili ya siku moja tu: siku ya kurekodi video yetu ya kwanza.

Enzi hizo video ya kwaya ilikuwa na desturi zake. Mnayumba kulia, mnayumba kushoto, na nyuma yenu lazima pawe na maua ya hoteli au gari la mtu. Lakini mjini Bungoma alikuwepo mpiga picha za harusi aliyenunua kompyuta, na sifa zake zilifika mpaka Kitale. Ukiimba mbele ya kitambaa chake cha kijani, anakifuta na kukuwekea maporomoko ya maji. Tukaenda.

Tuliimba mpaka koo zikakauka, kisha akatuita kwenye skrini. Maji yalishuka vizuri kabisa. Juu yake vilielea vichwa vyetu, na mikono ikipiga makofi bila wenyewe. Kompyuta ilikuwa imefuta kijani chote, pamoja na sisi. Maharusi aliowazoea huvaa nyeupe. Balaa hili hakuwahi kuliona. Mwenzetu mmoja alianza kukemea pepo.

"Si mvue tu hizo, mama," mpiga picha akamwambia mama yangu. "Mkuje na nguo za nyumbani tuanze tena."

Nilimwona mama akishika kola yake. Kazi yote ile ya cherehani ingerudi Kitale bila kuonekana na mtu. Moyo uliniuma.

"Nguo haitoki," alisema. "Toa kitambaa chako."

"Na maji je?"

"Maji tutakunywa."

Mama akatupanga nje, kando ya shamba la miwa.

"Lakini miwa kila mtu ako nayo, bana! Nani ataangalia?" mpiga picha akalalamika.

Matisi nzima iliangalia. CD ya video hiyo ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka ikaanza kukwama.

Juzi walikuja vijana wa mtaa wa Tuwan wenye kamera ya kuruka. Video yetu wameiona kwenye simu, nao wanarekodi wimbo wao shambani.

"Shosho, bibi yetu, si utuazime zile gauni? Ziko fiti, ati hakuna kama hizo town."

Mama akafungua sanduku. Kwanza akawageuzia pindo wazione. Hakuna iliyoachia hata uzi. Nilijivuna utadhani nimeshona mimi. Kisha akawapa sharti.

"Mkiona kitambaa cha kijani, kimbieni."