Tarehe ya Mstari wa Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha kupimia watoto pale Moshi hakunipa hata kiti. Alinipa sanduku la vibao vya mbao, saa ya kuhesabia sekunde na kitabu cha majedwali kilicholegea kurasa. Alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa zamani, asiyependa maneno mengi. "Mtoto akishuka alama," aliniambia, "usianze kumtazama mtoto. Anza na karatasi zako." Nikaitikia, "Ndiyo, mama," huku nikiwaza chakula cha mchana.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, maana vijana hudhani kipimo cha akili ni kama mizani ya sokoni. Mtoto hujibu maswali, hupanga vibao, hukumbuka tarakimu. Majibu yake hayasemi lolote mpaka uyalinganishe na ya watoto wa umri wake, na hapo ndipo jedwali linapoingia. Mia moja ni mtoto wa katikati. Alama tatu nne kupanda au kushuka si habari. Homa, njaa, mpimaji mwenye sura ya ukali, Kiswahili kwa mtoto ambaye nyumbani kwao ni Kichagga tu, vyote hushusha. Kurudia kipimo kilekile mapema hupandisha, kwa kuwa mtoto bado anavikumbuka vibao.

Nilianzia Kirua Vunjo, mlimani, shule kwa shule, wote wakiniita Mwalimu. Huko nilimpima Adelina wa darasa la kwanza, ambaye mwalimu wake alisema ni mzito. Akapata tisini na saba. Nikaandika kwamba yuko sawa, nikaenda zangu. Kisha nikahamishiwa mji wa Mkuu, Rombo, miaka miwili chini ya Afisa Elimu aliyetaka kila ripoti iishie ukurasa mmoja. Niliporudishwa Moshi nikamkuta Adelina shuleni Njoro. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameshuka naye mjini kutafuta riziki, na baba alikuwa Dar. Nikampima tena. Themanini na tatu.

Alama kumi na nne si za homa. Nilimwita mama nikamwambia, kwa ujasiri wa kijinga, kwamba mtoto ameshuka, na huenda ni kwa sababu ya kuhama. Maneno hayo yakapanda Kirua upesi kuliko nilivyodhani. Bibi mzaa baba akasema mji umemharibu mjukuu wake, ukoo ukakaa kikao, baba akakubali kwa simu. Adelina akarudishwa kihambani, shamba la ukoo, kwa bibi, mama akabaki Njoro na cherehani yake.

Baada ya mwaka nikatumwa kumpima mara ya tatu. Themanini na nne.

"Amekaa mwaka mzima mlimani," Mkuu wa Kituo akasema. "Mbona hajapanda?"

Nikaanza kutaja homa na njaa.

"Karatasi zako ziko wapi?"

Tukalifungua jalada. Nyuma ya fomu ya kwanza kulikuwa na nakala ya cheti cha ubatizo: mstari wa kwanza kuzaliwa, wa pili kubatizwa. Familia ilitaka baba awepo, naye nyumbani huja Krismasi tu, na Krismasi ya kwanza hakupata ruhusa kazini. Ubatizo ukachelewa zaidi ya mwaka. Nami nilikuwa nimenakili mstari wa pili kuwa tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka saba nilimlinganisha na wa miaka sita, lazima ang'are. Kwa vipimo vilivyofuata nilitumia cheti cha kuzaliwa. Nikarudi kwenye jedwali na umri sahihi, nikapata themanini na tatu. Adelina hakuwahi kushuka. Alihitaji kusaidiwa tangu darasa la kwanza, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba yuko sawa.

"Nenda ukawaambie mwenyewe," Mkuu wa Kituo akasema. "Usiandike barua."

Jumapili nikapanda Kirua, na mama yake Adelina nilimwomba naye aje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Nikawaeleza yote. Bibi akauliza, "Kwa hiyo mji haukumharibu?"

"Haukumharibu, bibi. Hakuna aliyemharibu. Ni mimi niliyekosea kuandika."

Bibi akageukia migomba. Mama ndiye aliyesema, bila kupaza sauti: "Mwalimu, juzi amepokea komunyo ya kwanza. Gauni nilimshonea kwa vipimo vya mwaka jana, maana huku nilikuwa sikaribishwi. Limembana kwapani. Misa nzima mwanangu amekaa kapandisha mabega."

Nikamwomba radhi. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Wiki hiyohiyo Adelina alirudi Njoro, akapata mwalimu wa kumfundisha kusoma taratibu.

Sasa nimestaafu. Wazazi wa mtaani bado huniletea karatasi: "Mwalimu, huyu mbona ameshuka?" Nawauliza kwanza tarehe ya kuzaliwa, na wengine hunicheka, wakidhani uzee umenizidi. Siwaelezi.

Ninachokumbuka ni pale kihambani, kabla sijaondoka. Mama alitoa utepe wa kupimia kwenye mkoba, akamwita Adelina asimame wima. Ncha moja aliishika yeye. Ya pili aliishika bibi, bila kuambiwa. Wakampima mabega, kifua, kiuno, na kila sehemu waliipima mara mbili.