Siku Niliyoingia kwenye Posa Yangu kwa Magurudumu

Jamani, kuna aibu mtu anaisimulia akiwa ameshaoga, amekula na amehakikisha wakwe zake hawako karibu, na hii yangu ni ya namna hiyo, kwa hiyo nawaomba msinicheke kabla sijamaliza.

Mnajua mimi ni mtu wa skeiti, vile viatu vya magurudumu manne, nilivipata kwenye mitumba pale Mlandizi na tangu siku hiyo watoto wa mtaani kwetu Visiga wananiita Mjomba Tairi (mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, nina wateja wa maana kabisa, lakini jina ndilo hilo). Shida ilikuwa magurudumu yenyewe, yalikuwa laini na yameliwa upande, na beringi zinalia kama mlango wa banda la kuku, ukisukuma mguu unakwenda hatua mbili unasimama. Nikaagiza Dar magurudumu mapya, magumu, pamoja na beringi mpya, na mzigo ukafika siku ileile washenga wangu walipokuwa wanakwenda kumposa Zuhura.

Sasa kwetu mposaji haendi kwenye posa. Wazee ndio wanaokwenda kukusemea, wewe unabaki nyumbani unatafuna kucha, na kutokea kule ni kukosa adabu kulikopitiliza. Na mimi nilikuwa na kila sababu ya kuogopa, maana baba yake Zuhura, Mzee Kondo, alishatamka kwamba binti yake hampi mhuni, na akishakataa yule hakuna wa kumbembeleza abadili neno. Asubuhi Zuhura alinipigia simu.

"Leo usifanye kitu chochote. Kaa tu."

Kaa tu! Mtu roho iko juu, atakaaje tu? Nikachukua spana nikaanza kufunga beringi. Nikiwa katikati ya kazi Baba mdogo, ambaye ndiye mkuu wa washenga, akapiga simu kuulizia kama nimetulia, nikamwambia, "Nimetulia Baba mdogo, natengeneza skeiti." Akasema, "Haya, tengeneza," akakata.

Nikaendelea. Ile breki, kidude cha mpira kinachokaa puani mwa kiatu, nilikuta imeisha imebaki kipara, nikaona inaniharibia kiatu kizuri, nikaing'oa, nyingine ningenunua kesho. Hapo ndipo nilipojimaliza, ila wakati ule nilijiona fundi kwelikweli. Nikajaribu barazani, nikateleza kama nimepakwa mafuta. Nikasema ngoja nifike barabarani pale juu tu, penye tambarare, halafu nirudi. (Nyumba ya kina Zuhura iko chini ya mteremko wa barabara hiyohiyo, na nilijua hivyo, msinitazame.)

Tambarare iliisha kabla sijaitarajia. Mguu ukashika mteremko na zile beringi zikaondoka na mimi, nikaburuza mguu wa nyuma kama nilivyozoea nipunguze mwendo, lakini yale magurudumu magumu hayakushika lami hata kidogo, yakaserereka tu, na puani breki hakuna. Nikapiga kelele, "Mama pisha! Mama pisha!" Mama wa vitumbua akavuta beseni lake, mbuzi wakatawanyika, nami nikadaka kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, kamba ya nguo za watu, kamba ikakatika, khanga moja ikanizunguka kiunoni tukaenda nayo.

Huku kwa Mzee Kondo, nilihadithiwa baadaye, maongezi yalikuwa yamefika pazuri. Mzee akauliza kijana mwenyewe yuko wapi saa hizi, na Baba mdogo, mtu mkweli, akajibu, "Tumemwacha nyumbani, anatengeneza sketi." Mzee Kondo akashangaa. "Kumbe ni fundi cherehani? Mimi niliambiwa madirisha." Baba mdogo naye akaona aibu kuonekana hajui kazi ya mwanawe, akasema, "Na cherehani pia anajua."

Nikaingia hapohapo. Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni na ua wao umesakafiwa vizuri, nikapita katikati ya wazee na birika la kahawa, nikakumbatia nguzo ya baraza, nikaizunguka, na kwa kuwa nimelelewa nikasema huku nazunguka, "Shikamooni!"

"Marahaba," wakajibu wote.

Bibi yake Zuhura, aliyekuwa amekaa mkekani, akaitazama ile khanga kiunoni kwangu, akamgeukia Baba mdogo.

"Sketi yenyewe ndiyo hii?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba mdogo aliinamisha kichwa, kofia ikamwanguka, hakuiokota. Mzee Kondo akasimama, uso umekunjamana, akaniambia nivue viatu, maana nimekanyaga mkeka wa wageni, nami nilipoinama kuvua miguu ikaniponyoka nikaenda chini, nikainuka, nikaenda tena, na kila nikianguka najisemea basi, Zuhura ndiyo nimemkosa, nimemkosa mbele ya ukoo mzima.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Zuhura akatoka, naye siku hiyo alitakiwa asionekane kabisa, akapita mbele ya wazee, akachuchumaa, akanishika kifundo cha mguu akaanza kufungua kamba.

"Zuhura!" baba yake akasema. "Wewe si umeambiwa ukae ndani?"

"Nisamehe baba, lakini nisipomvua atawavunjia vikombe."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa mtandio, na wengine wakashindwa kujizuia. Mzee Kondo peke yake hakucheka. Alimtazama binti yake mpaka akamaliza kiatu cha pili, kisha akarudi kukaa.

"Desturi yetu tunamuuliza mtoto kama ameridhia, naye akinyamaza tunajua," akawaambia washenga. "Sasa huyu nimuulize nini tena?"

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu juu ya mteremko. Nilitaka kulia, nikabaki nimeshika ile nguzo.

Mzee Kondo akaviokota viatu vyangu, akavitia kwapani. "Hivi vinabaki kwangu," akasema. "Utavichukua siku ya kumchukua mwenzio." Nikapanda mteremko ule pekupeku, saa saba ya mchana, lami inaunguza nyayo, Baba mdogo nyuma yangu anakung'uta kofia yake, nami natembea natabasamu kama chizi.

Ndoa ikafungwa, viatu nikakabidhiwa. Niliapa mbele ya mkwe wangu kwamba sitavivaa tena bila breki, na sijavivaa. Wala sijapata nafasi, Zuhura ndiye anayevivaa.