Mgahawa wa Kitaliano Usio na Bango

Naona aibu hata kuanza, na mkiniona nimeinamisha uso katikati ya maneno msiniulize, niacheni nimeze mate niendelee, maana jambo lenyewe nililifanya kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kunitazama kama nafaa kumwoa binti yao.

Kazi yangu mnaijua, mimi ni mhudumu kwenye hoteli ya watalii hapa Mikumi, na wageni wa Kitaliano nimewapelekea sahani za tambi mpaka nikajiona mtaalamu (kupeleka sahani tu, jamani, sufuria lenyewe sijawahi hata kulikoroga). Mchumba wangu Neema alikuwa nesi Dar es Salaam. Baba yake alishafariki, aliyebaki na kauli ni baba yake mkubwa, mzee Kalebu, mwinjilisti wa kule Berega, mtu wa maneno machache, pamoja na mkewe, mama Kalebu, ambaye yeye maneno anayo ya wote wawili. Wakati huo walikuwa wameshuka Dar kwa ajili ya macho ya mzee, Neema akanipigia simu akasema njoo Jumapili uonane nao, tutakula chipsi kuku pale karibu na hospitali, basi. Ningesema sawa, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Mimi nikasema, "Chipsi kuku? Wakwe zangu? Niachie mimi, Masaki nina mahali pangu pa Kitaliano."

Sikuwa na mahali. Kulikuwa na mgeni mmoja hotelini aliyewahi kuniambia kwamba huko Masaki kuna mgahawa wa kwao wenye bustani na maua ya zambarau getini, na tambi zake ni kama za mama yake mzazi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yangu yote.

Basi nikaenda Kilosa nikapanda treni ya umeme, nimevaa shati jipya jeupe, na Jumapili wazee walipotoka kanisani nikawapakia kwenye teksi pamoja na Neema. Dereva akauliza, "Bosi, mgahawa unaitwaje?" Nikamwambia nyoosha tu, nitakuonyesha. Akanyoosha. Akakata kona, akakata nyingine, mpaka mama Kalebu akasema, "Hii nyumba yenye mbwa mweupe mbona kama tulishaipita?" Neema akanitazama, nami nikajifanya natazama nje, na hapo ndipo nikaliona geti lenye maua ya zambarau, magari yamejipanga, bendera ndogo ya Italia imefungwa ukutani, na harufu ya kitunguu saumu inatoka mpaka barabarani. Nikapiga kelele, "Simama hapa hapa!"

"Mbona hakuna bango?" mzee Kalebu akauliza.

"Mzee, migahawa ya maana haiweki bango."

Mlinzi akafungua kidirisha cha geti akauliza, "Nyinyi ni wa mzee Franko?" Nikawaza, Franko atakuwa ndiye mwenye mgahawa, na kama unaulizwa hivyo basi ni pa watu wanaofahamika, nami siwezi kuonekana sifahamiki mbele ya wakwe. Nikajibu kwa sauti ya mteja wa siku zote, "Ndiyo, wa mzee Franko." Geti likafunguka.

Ndani kulikuwa na meza ndefu chini ya miti, kitambaa cheupe, Wazungu na Waswahili wamechanganyika wanaongea chinichini (nikamnong'oneza Neema kwamba watu wa hadhi hawapigi kelele wakila). Pembeni kulikuwa na picha kubwa ya mzee wa Kizungu ameketi, imezungushiwa maua, na mshumaa mbele yake. Mama Kalebu akauliza yule ni nani. Nikamwambia ndiye mwanzilishi. Mungu anisamehe.

Tukaletewa tambi, nikaanza kumfundisha mzee namna ya kuzizungusha kwenye uma. Yeye akazikata kwa kisu, akazila kwa kijiko kwa utulivu wake, aliyechafua shati kwa mchuzi wa nyanya ni mimi mwalimu.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe, gauni jeusi. Mimi na Neema tukasimama, shikamoo. "Marahaba, wanangu," akaitikia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Asanteni kwa kuja kunifariji. Mmetoka mbali?"

Nikaitazama tena ile picha na ule mshumaa. Mama Kalebu hakuhitaji kuelezwa, aliitoa khanga mabegani akajitanda kichwani, akasema, "Pole sana, mwenzangu." Mzee akaweka kijiko chini. Hapo, ndugu zangu, palikuwa na nafasi. Ningesema mama tusamehe, tumekosea geti, na mambo yangeishia hapo tukacheka wote. Mimi nikajibu swali nililoulizwa.

"Tumetoka Kilosa, mama."

"Kilosa!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Moyo wa Franko ulibaki Ulaya."

"Ni kweli, mama. Kila mtu hukumbuka kwao."

"Hapana, kijiji cha Ulaya, kwenu Kilosa! Alichimba visima pale kabla hatujahamia huku. Utakuwa ulikuwa mtoto. Unamkumbuka?"

Neema ananitazama, mzee ananitazama. Nikasema, "Namkumbuka sana. Alikuwa mrefu."

Yule mama akacheka huku machozi yakimtoka. "Franko alikuwa mfupi, mwanangu, mimi nilimzidi kichwa kizima. Lakini kwa mtoto kila mtu mzima ni mrefu." Yaani alinitafutia sababu yeye mwenyewe, msiba wake hapo hapo, na mimi nikaipokea.

Akagonga glasi kwa kijiko, akasema kwa Kitaliano, kisha kwa Kiswahili, kwamba kijana huyu amekunywa maji ya kisima cha Franko na atasema neno. Nikasimama na shati langu la mchuzi. Nikasema alikuwa akitugawia pipi. Nikasema alinibeba mabegani. Watu wanafuta machozi, kuna bwana mmoja ananirekodi kwa simu ili wajukuu walioko Italia wasikie, na kadiri wanavyolia ndivyo nami ninavyoongeza.

"Na yule mbwa wake," mjane akauliza kwa furaha, "unakumbuka tulimwitaje?"

Nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia shati.

Mzee Kalebu akasimama. "Mama, pole kwa msiba. Sisi mume wako hatukumfahamu. Tulikuwa tunatafuta mahali pa kula, tukaingia kwako kwa makosa, na kijana wetu akashindwa kusema. Tunakuomba radhi." Akaomba ruhusa ya kusali, akapewa, akasali kwa ufupi, tukaondoka. Hakuna aliyetufukuza. Afadhali wangetufukuza.

Nje mzee aliniambia neno moja tu: "Kupotea si kosa, Festo." Neema alisubiri wazee waingie kwenye teksi. "Ungeniambia hupajui tungecheka," akasema. "Sasa kila utakachoniambia nitakuwa najiuliza."

Kesho yake nilirudi peke yangu kuomba msamaha. Yule mama alinipokea getini, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Nimekusamehe. Ila kwa muda ule mfupi nilidhani kuna mtoto wa kule ambaye bado anamkumbuka. Nilitaka nikuulize kama kisima bado kinatoa maji." Mimi Ulaya sikuwahi kufika, na si mbali na hapa.

Mzee Kalebu alimwambia Neema asinikatae kwa sababu ya mlo mmoja. Neema alinikataa mwenyewe, na mpaka leo sijapata la kumlaumu. Siku hizi mgeni akiniuliza njia au mahali nisipopajua namwambia sijui, ngoja nikuulizie. Sijui. Neno jepesi hivyo, na siku ile ndilo lililonishinda.