Mwinchande na Mkono wa Mahdi

Mwinchande alikuwa Mrufiji wa Utete, mtu wa makamo, kazi yake kusukuma abiria wenye viti vya magurudumu katika uwanja wa ndege wa Dulles, nje kidogo ya Washington. Alikaa Falls Church, jimbo la Virginia, na mkewe Siwema, kwenye fleti za nyuma ya barabara ya Route 7 ambako Watanzania tulikuwa tumejazana. Alikuwa na hadithi moja tu ya maana, na sote tuliijua.

Mwaka 1979, akiwa kijana, alimsindikiza mjomba wake Hija. Hija ikaisha, ndege ya kuwarudisha ikachelewa, wakabaki Makka wakisubiri. Alfajiri moja ya Novemba, swala ilipomalizika tu ndani ya Msikiti Mtakatifu, risasi zikalia. Watu wenye bunduki wakafunga milango kwa minyororo, wakashika kipaza sauti, wakatangaza kwamba ukoo wa kifalme wa Saudia umeoza na umeiuza dini, na kwamba Mahdi aliyesubiriwa karne zote amefika. Mahdi mwenyewe, kwa bahati njema, alikuwa shemeji yake kiongozi wao.

Mwinchande hakuelewa Kiarabu cha kasi ile. Aliona foleni, akajiunga nayo akidhani ni ya kutokea nje. Mbele ya foleni alisimama kijana mwembamba mwenye viganja vilivyolowa jasho. Mwinchande akampa mkono, akasukumwa pembeni. Hakujua kwamba ameshakula kiapo cha utii kwa Mahdi mwenyewe. Baadaye wakakuta dirisha la chini ambalo watu walikuwa wakipenya, na mjomba akanasa hapo, maana alikuwa amevaa kanzu nne za zawadi, moja juu ya nyingine, kwa kuwaogopa wezi wa kule walikofikia. Mwinchande akamsukuma makalio kwa bega mpaka akatoka.

Humo ndani vita viliendelea kama wiki mbili. Mahdi, ambaye wafuasi wake waliamini risasi haimpati, aliuawa siku za mwanzo tu. Wenzake waliokamatwa wakakatwa vichwa hadharani. Kisha wafalme, ili wasiitwe tena walegevu wa dini, wakawapa masheikh wakali karibu kila kitu walichokuwa wakikidai wale waliokatwa vichwa. Lakini Mwinchande hakuwa akiifikisha hadithi huko. Yake iliishia dirishani, kwenye kanzu nne, watu wakicheka na kuongezewa pilau.

Agosti 1998 mabomu yakalipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Sisi tulilia watu wetu, tukashinda kwenye simu tukiulizia nani yu hai. Wakubwa wa Washington nao wakagundua ghafla kwamba Afrika Mashariki ina Waislamu, na kwamba hawana mtu wa kuwaeleza habari zao.

Wiki chache baadaye Mwinchande alimsukuma abiria mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu. Aliitwa Dokta Wayne, naye alikuwa mkuu wa taasisi ya kuchambua mambo ya dunia. Njia ilikuwa ndefu, Mwinchande akamsimulia habari za Makka. Wayne akageuka kitini mpaka shingo ikamuuma.

"Ulimgusa mkono?"

"Nilimgusa."

"Alhamisi una nafasi?"

Alhamisi Mwinchande alikaa mbele ya ukumbi kwa suti aliyoazima kwa rafiki yake Gervas, Mhaya wa ghorofa ya juu. Kwenye karatasi ya ratiba aliandikwa mtaalamu wa uasi wa kidini. Alianza na mjomba na kanzu, akaona nyuso zimepoa. Wayne akamkatiza kwa upole.

"Macho yake yalikuwaje?"

Mwinchande hakukumbuka macho. Alikumbuka kiganja tu. Lakini aliuona ukumbi mzima umeshika kalamu.

"Yalikuwa na moto," akasema, na kalamu zote zikaanza kuandika.

Mara ya pili alipoalikwa, Mahdi alimwambia neno. Mara ya tatu neno hilo liliihusu Afrika Mashariki.

"Alikwambia kwa Kiarabu?" Siwema alimuuliza nyumbani.

"Kwa ishara."

"Ishara ya Afrika Mashariki ikoje?"

Siku hizo Mwinchande alikuwa haongei na watu wasio na digrii. Hata kwenye ubatizo wa mtoto wa Gervas alimrekebisha balozi mdogo aliyekuwa akijilia ndizi zake kimya, akamweleza hali ya usalama wa Dar, mji ambao hakuukanyaga tangu 1986.

Jumamosi moja asubuhi wakaja watu wawili wa serikali, mwanamume na mwanamke. Walikuwa na adabu, wakavua viatu mlangoni. Mwanamke ndiye aliyeuliza.

"Bwana Mwinchande, umesema hadharani kwamba ulikula kiapo kwa yule mtu, naye akakupa ujumbe kuhusu Afrika Mashariki. Ujumbe huo uliupeleka kwa nani?"

Mwinchande akaeleza foleni, dirisha, mjomba.

"Kanzu nne," mwanamume akasema.

"Nne."

"Na mjomba yuko wapi?"

"Kaburini, Utete."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza katika miezi ile alikuwa amesema kweli tupu, na ndiyo iliyosikika kama uongo. Siwema akaweka chai mezani.

"Huyu hata akipita kwenye msiba asioujua, atawapa mkono foleni nzima," akasema. "Na siri haiwezi. Zawadi yangu ya Idi hunitajia yeye mwenyewe mwezi mzima kabla."

Gervas naye akahojiwa. "Hadithi hiyo nimeisikia miaka saba," aliwaambia. "Kabla ya kuitwa ukumbini, Mahdi alikuwa hasemi."

Walirudi tena na tena. Kampuni yake ikamnyang'anya kitambulisho cha uwanjani mpaka mambo yaeleweke. Mwinchande akawa anakaa sebuleni anashtuka kila lifti inaposimama. Alimpigia Wayne amtolee ushahidi, akaambiwa na katibu kwamba Dokta amesafiri. Akapiga tena wiki iliyofuata. Dokta alikuwa bado angani.

Katikati ya baridi wale watu wa serikali wakampigia simu fupi kumwambia hawana swali zaidi. Akarudi kwenye viti vyake. Abiria wakimuuliza anatoka wapi, alijibu "Virginia" na kuzungumzia hali ya hewa.

Majira ya kuchipua, dunia ilipohamia kwenye vita vya Kosovo, Wayne akapiga simu mwenyewe, sauti changamfu kama jana.

"Rafiki yangu, wewe unakutana na watu wengi. Kuna yeyote unayemjua aliyetoka Kosovo?"

Mwinchande akafikiri kidogo, akampa namba ya Gervas.

Gervas alituapia kwamba alimweleza Wayne wazi: yeye ni mtu wa Bukoba, na Kosovo ameiona kwenye televisheni tu. Wayne akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa ukweli wake, kisha akamuuliza kama Alhamisi ana nafasi.