Burulcha na Afande wa Zimamoto

Mwanamke wa Karakol, mji wa milimani huko Kirgizia, aliyekuwa na mgongo unaouma, au mume anayeudhi, au harusi ya kesho, alijua pa kwenda: hamamu ya Burulcha, nyumba ya kuogea kwa mvuke, ile ya matofali mekundu karibu na mto. Wateja waliingia wakinung'unika na baridi, wakatoka mashavu yameiva kama tufaha, wamesahau walichokuwa wakinung'unikia.

Burulcha mwenyewe alikuwa na miaka arobaini, mabega mapana, na neno moja alilolipenda kuliko yote. Nani kapaka chokaa kuta hizi? Mwenyewe. Nani anapasua kuni? Mwenyewe. Watu waliona ni majivuno, lakini waliomjua vizuri walijua lilikotoka.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, akitoka chuoni, vijana watatu walishuka kwenye gari wakamnyanyua juu juu. Walimpeleka kwenye nyumba ambako wanawake walikuwa wameshaandaa kitambaa cheupe cha bibi harusi. Huyo aliyetaka kumwoa walikuwa wameonana mara mbili tu, tena kwa mbali. Shangazi yake alipoletewa habari alikuja, akalia kidogo, kisha akamwambia kwamba jiwe huwa zito pale linapoangukia. Basi Burulcha akakaa pale, akawa jiwe, miaka sita. Wa saba akakunja godoro lake akatoka mchana kweupe, majirani wakimwangalia. Shangazi akamuuliza, mbona jiwe limejiinua? Akajibu kwamba yeye ana miguu.

Akafua nguo za watu, akabeba matofali kwenye majengo, akasafisha vyoo vya stendi. Wanaume kadhaa walijitolea kumsitiri, kama walivyosema wenyewe. Akawashukuru, akawafungulia mlango watoke. Mwishowe hamamu ile, iliyokuwa gofu la kulala mbwa, ikawa yake.

Ikaja asubuhi moja ya Februari, siku ya wanawake kuoga. Masizi yaliyoganda ndani ya dohani yakashika moto. Dohani ikanguruma kama lori linalopanda mlima, cheche zikaingia darini, na wanawake wakakimbilia nje kwenye theluji wamejifunga mashuka, wengine povu la sabuni bado nyweleni. Zuura, rafiki yake aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, akawaongoza wote hadi nyumba ya jirani. Burulcha hakwenda nao. Alirudi chumba cha tanuri kufungua maji ya tangi yaumwagikie moto.

Koki iligoma. Alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, akikohoa, pale mlango ulipojaa mtu mwenye kofia ya chuma.

"Toka," akasema yule mtu.

"Nafungua maji."

"Nimesema toka."

Burulcha akamgeuzia mgongo. Yule mtu hakusema mara ya tatu. Alimkunja begani kama gunia la unga, akatoka naye mbio, na nyuma yao kipande cha dari kikaanguka palepale alipokuwa amesimama. Akamtua kwenye theluji mbele ya mtaa mzima. Burulcha akasimama, akajipangusa, akamchapa kofi lililosikika hadi kwenye gari la zimamoto.

Askari wote wakaanza kutazama milima. Mkuu wao akajishika shavu.

"Ukimaliza," akasema, "sogea nyuma kidogo. Umekanyaga mpira wa maji."

Huyo ndiye Sagynbek, mkuu wa kikosi, mwanamume wa miaka arobaini na tano aliyefiwa na mkewe zamani na sasa akiishi na mama yake. Mji mzima ulimjua kwa ushujaa na kwa domo. Alikuwa mtu wa kuwaelekeza maharusi wapi pa kusimama kupiga picha. Ukimkaribisha chakula, atakwambia chungu chako kimekaa vibaya jikoni.

Kesho yake alikuja kukagua. Vyumba vya kuogea vilikuwa salama. Chumba cha tanuri kilikuwa majivu na nguzo nyeusi. Akazunguka akitoa amri: dohani ibomolewe yote, ijengwe wima, mlango wa tanuri uwe wa chuma, na mpaka yeye aridhike, asione hata kijiti kimewashwa humo. Burulcha alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba hayo yote alikuwa ameshayaamua kabla afande hajaamka, na sasa ampishe, kwa kuwa alikuwa amesimama juu ya mchanga wake.

Akaanza kujenga. Zuura alikanyaga udongo, yeye akapanga matofali. Kila jioni, zamu ikiisha, Sagynbek alipita akasimama langoni, akipaza sauti kwamba mstari umepinda, kwamba udongo ni mwepesi. Siku ya nne Burulcha alichoka.

"Afande, huo mdomo umekuja peke yake, au una mikono?"

Sagynbek akavua koti, akapanda ngazi.

Kumbe alijua kazi. Walijenga bega kwa bega wiki tatu, wakibishana juu ya kila tofali. Burulcha akaanza kuona vitu ambavyo hakutaka kuviona: mikono ile iliyokunjiwa shati hadi kwenye kiwiko, kovu la moto lililopanda shingoni kama mzizi, na jinsi alivyonyamaza kila anapokunywa chai, kana kwamba chai peke yake ndiyo iliyoweza kumwamrisha. Jioni akaanza kuosha uso kabla afande hajafika. Zuura aliliona hilo.

"Mwenzangu," akasema, "huyo fundi wako akimaliza dohani, tutabomoa ukuta gani ili arudi?"

Burulcha akamrushia tope.

Siku moja, juu ya paa, Sagynbek akauliza kuhusu lile kofi. Si kwa kulaumu. Alisema tu kwamba ameokoa watu wengi, wamemlilia, wamemtapikia, lakini kofi lilikuwa la kwanza. Burulcha akaendelea kulainisha udongo. Kisha akamweleza yote, gari, kitambaa cheupe, shangazi, bila kumtazama. Akamalizia kwamba aliponyanyuliwa siku ile ya moto, mwili wake haukujua kama ni moto. Ulijua tu kwamba amebebwa tena.

Sagynbek aliweka mwiko chini.

"Nikikukuta ndani ya moto nitakubeba tena," akasema, "hata unichape mara kumi. Hilo sitakudanganya. Lakini nje ya moto sikugusi hata kidole, mpaka useme wewe."

Alikuwa mtu wa neno, na neno lile likawa adhabu. Akimpa tofali, aliliweka chini yeye aliokote. Wakipishana kwenye ngazi, alijibana ukutani kama mtu anayepisha ng'ombe. Burulcha, ambaye kwa miaka mingi alishukuru kwa kila mwanamume aliyekaa mbali, sasa alilala akifikiria viganja vya mtu, akaamka amekasirika. Alijaribu kujicheka, haikusaidia.

Dohani ikakamilika. Tanuri jipya lazima lijaribiwe kabla ya wateja, na siku ya majaribio Burulcha aliwasha moto mwenyewe, mchana, jua likipenya kwenye kidirisha cha juu. Sagynbek alipanda, akashuka, akapapasa kila kiungo, akakosa kasoro, na ilionekana inamuuma kukosa. Burulcha akamwambia Zuura aende sokoni. Zuura akasema hakuna kinachohitajika sokoni. Burulcha akamtazama. Zuura akachukua kikapu.

"Dohani umeikagua," Burulcha akamwambia Sagynbek. "Mvuke bado. Vua viatu."

Ndani, joto lilikuwa zito kama blanketi. Alimwamuru alale kifudifudi kwenye ubao, na mkuu wa kikosi, ambaye hakuna aliyewahi kumwamrisha, akalala. Akamwagia mawe maji, mvuke ukapanda ukiwa na harufu ya majani. Akachukua kitita cha matawi yaliyolowekwa, akampiga mgongoni taratibu, kama wapigwavyo waogaji wote, kutoka mabegani hadi kiunoni, halafu si taratibu tena. Jasho likamtiririka Sagynbek kwenye mfereji wa uti wa mgongo. Burulcha akaweka matawi pembeni, akaweka kiganja chake juu ya lile kovu la shingoni, akahisi mshipa ukipiga chini yake mbio mbio.

Sagynbek hakusogea. "Burul," akasema, "mimi ni binadamu."

"Najua. Geuka."

Akageuka. Mikono yake bado ilikuwa imeshika ukingo wa ubao, imekaza kama ya mtu aliyening'inia ghorofani.

"Sasa nasema," Burulcha akamwambia. "Uachie huo ubao."

Akauachia. Burulcha ndiye aliyembusu kwanza, akaonja chumvi na moshi. Kisha mikono ile aliyoiota ikamzunguka, polepole, ikiuliza kila inapofika, na kila ilipouliza alijibu. Shuka likaanguka kwenye sakafu yenye maji, hakuna aliyeliokota. Walipomwagiana maji ya baridi baadaye, wakicheka na kutetemeka kama vijana, moto wa tanuri ulikuwa umebaki makaa, na Zuura alikuwa langoni akiimba kwa nguvu kusudi wasikie kwamba amerudi.

Machipuko yakawakuta wakiwa watu wa furaha. Lakini mbwa hasahau kubweka, wala Sagynbek kuwapangia watu mambo yao. Siku moja wanawake wanne wa ukoo wa Sagynbek wakaingia uani wamevaa vizuri, wakiongozwa na mama yake, Bi Kalyicha, wakiwa na mkate, peremende na hereni za fedha za kumvisha mchumba. Kutoka kwao Burulcha akajifunza mambo mengi: kwamba harusi ni mwezi ujao, kwamba kondoo ameshachaguliwa, kwamba atahamia kwa mama mkwe, na hamamu itasimamiwa na Zuura.

Aliwaandalia chai, kwa sababu mkate haurudishwi. Akawaheshimu, akawasindikiza hadi langoni. Hereni zikarudi zilivyokuja.

Sagynbek alipofika mbio, Burulcha alikuwa anapasua kuni.

"Uliamua lini?" akamuuliza.

"Jana. Burul, nilidhani utafurahi. Nimepanga kila kitu, wewe hata usisumbuke."

"Siku nilipochukuliwa na gari, nao walikuwa wamepanga kila kitu."

Neno hilo lilimpiga kuliko kofi. Alijaribu kueleza, Burulcha akamwambia kwa utulivu kwamba anampenda, wala hatalificha, ila hatoki katika nyumba hii wala hamamu hii. Akitaka kumwoa, ahamie yeye. Sagynbek akapauka. Mwanamume anayehamia kwa mke huimbwa kwa dhihaka hata na walevi wa mji huo.

"Watu watanicheka," akasema.

"Mimi wamenicheka miaka kumi na tano. Sijafa."

Akaondoka bila kuaga. Wiki zikapita. Ikasikika kwamba kikosini sasa anafokea hata paka. Burulcha alifanya kazi hadi mikono ikapasuka. Zuura alimsihi alegeze kidogo, akakataa. Alikuwa amelia usiku mmoja, akamaliza, na kilichobaki ndani yake hakikuwa hasira bali jambo lililo wazi: bora amkose akiwa amesimama kuliko kumpata akiwa amebebwa.

Kisha siku ya wanawake Bi Kalyicha akaja peke yake, na taulo lake. Akasema hakuja kumbembeleza mtu, amekuja kuoga. Burulcha akamsugua mgongo mwenyewe, mgongo mwembamba wenye mifupa kama ya ndege. Wengine walipotoka, mama yule akaanza kuzungumza akitazama ukuta.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, nachota maji. Wakanitupa juu ya farasi kama mbuzi."

"Baba yake Sagynbek?"

"Ndiye. Hakuwa mtu mbaya, nikamzoea. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kutoka. Ulipotoka wewe, mji wote ulikusema. Hata mimi nilikusema, mwanangu. Nikarudi nyumbani nikalia, wala sikujua nalia nini."

Burulcha alimmwagia maji ya vuguvugu mabegani, tena na tena.

"Nimemwambia mwanangu haya jana," Bi Kalyicha akasema. "Hakuwa akiyajua. Basi, nisugue hapo chini ya bega, panawasha."

Jumapili ile, siku ya mnada wa mifugo, wakati barabara imejaa kondoo na wanaume wote wa wilaya wamesimama na kofia zao ndefu nyeupe, Sagynbek alipita katikati yao amebeba godoro begani, viatu vimening'inia shingoni. Angeweza kupita kichochoroni, hakutaka. Mtu akampigia kelele: afande, umefukuzwa kwenu?

"Nakwenda kuolewa," akajibu, bila kupunguza mwendo.

Kicheko kilimfuata hadi mtoni. Burulcha alikisikia kabla hajamwona. Alipofungua lango, alimkuta amesimama nje, amelowa jasho, uso mwekundu, na hakuingiza mguu ndani.

"Wamenicheka," akasema. "Kweli mtu hafi. Niambie niingie, au niambie nirudi. Nitafanya utakalosema, ila amua haraka, godoro hili ni zito."

Burulcha akashika upande wa pili wa godoro, wakaliingiza pamoja.

Hereni alivishwa na Bi Kalyicha, uani, Zuura akiwa shahidi na mpishi. Walevi wa mji waliimba kweli, hadi msimu wa viazi, kisha wakapata mwingine wa kumwimba. Sagynbek hakugeuka malaika. Bado humfundisha Burulcha kupanga kuni ambazo amezipanga maisha yake yote, naye humwacha aseme, halafu huzipanga anavyotaka. Mwaka huu wanajenga chumba cha pili cha mvuke, cha wazee wasioweza kupanda ngazi, na wamegombana tayari kuhusu mlango ufungukie upande gani. King'ora kikilia, mume hukimbia akivaa koti, na mke hushikilia ndoo yake hadi gari lipite kona. Kisha huenda kuchochea moto.