Saa ya Meli Bandarini Falmouth

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Roseville, Minnesota, dakika arobaini kabla ya wakati, nimevaa suti na viatu vyembamba vya ngozi, na theluji imenifika kwenye vifundo vya miguu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama pale nikitetemeka kwa heshima zote. Aliyenifungulia alikuwa Msimamizi wa Simu, mama wa Kimarekani mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na aliniangalia miguu kabla ya uso. "Kesho njoo na buti," akasema. "Hapa tunauza jua, lakini la kwetu wenyewe hatuna."

Ilikuwa ofisi ya wakala wa safari za meli za kitalii, chumba kimoja kirefu ng'ambo ya maegesho ya jengo kubwa la maduka. Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Dodoma nilikuwa karani wa stesheni, mtu wa reli na vumbi, na meli ya abiria sikuwahi kuikanyaga. Vijana mnaokata tiketi kwa kidole mkiwa kitandani mtanicheka, lakini mwanzoni mwa miaka ile ya elfu mbili na kumi wazee wa Minnesota bado walitaka kupiga simu na kumsikia mtu. Msimamizi alinipa kanuni moja tu. "Mteja akikuuliza usichokijua, mwambie utampigia baada ya dakika kumi. Halafu mpigie baada ya tano."

Baada ya mwaka na nusu nikahamishiwa dawati la bandari, katika tawi letu dogo la Crystal. Sisi ndio tuliotengeneza karatasi za bandari: ukurasa mmoja kwa kila mji ambao meli inatia nanga, wenye historia kidogo, vitu vya kutazama, nauli za teksi, na saa ya mwisho ya kupanda, yaani saa ambayo ngazi huondolewa na aliye nje anabaki nje. Mkuu wa Dawati, mzee mkimya aliyekunywa kahawa iliyopoa, alinikabidhi bandari sita. Tano nilizifanya kama kazi. Ya sita, Falmouth ya Jamaika, niliipenda kama mtu anavyopenda timu yake ya mpira.

Jamani, mji ule! Ulipimwa barabara zilizonyooka zama za sukari, na siku za neema yake bandari ilijaa meli zikipakia sukari na ramu. Nyuma ya neema hiyo walikuwapo watu wetu, waliovushwa bahari wakiwa minyororoni. Mkuu wa Dawati aliniambia watalii hupenda mambo mepesi. "Na mazito watayaweza," nikamjibu, na sikufuta kitu. Usiku watumwa walipopata uhuru, waumini wa kanisa moja pale walitia minyororo ndani ya jeneza wakaizika. Halafu kuna Uwanja wa Maji, katikati ya mji, palipokuwa na tangi kubwa la mawe lililojazwa kutoka mtoni, na wenyeji hujisifu kwamba walipata maji ya bomba kabla ya New York. Baadaye meli za mvuke zikawa kubwa mno kwa bandari yao, biashara ikahama, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kubomoa, nyumba za kale zikabaki zimesimama. Sasa gati jipya lilikuwa limejengwa na meli za kitalii zimeanza kufika. Yote hayo niliyajua bila kutoka Crystal, na nisiwafiche, nilikuwa najiona.

Kutoka hapo nikapandishwa hadi dawati la vikundi, Minneapolis mjini, chini ya Meneja wa Vikundi, mwanamke mrefu aliyefanya mikutano yake akiwa amesimama. Siku moja akaniita. "Abeli, kuna kanisa la Wakongo na Wakenya. Kwaya yao inataka kwenda Karibea mwezi wa saba. Utawaongoza wewe." Kiongozi wa kundi ndiye anayeshika orodha ya abiria: anawahesabu wakitoka, anawahesabu wakirudi. Walikuwa ishirini na wawili. Mwenyekiti wao alikuwa Wairimu, nesi Mkenya asiyecheka ovyo.

Wiki tatu kabla ya safari niliwapa mhadhara ukumbini kwao. Nilipofika kwenye lile tangi la maji, Mama Furaha akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mjane kutoka Uvira, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwenye goti bovu.

"Papa Abeli, ile maji iko mpaka leo?"

"Tangi lilishabomolewa, Mama. Kuna chemchemi ndogo tu ya mapambo."

"Nitaiona hivyo hivyo," akasema. "Miye nimepanga mustari ya maji kule kambini Kigoma miaka kumi na sita. Mji yenye ilipata bomba mbele ya Wamarekani, lazima niione."

Watu wakacheka, nami nikanogewa. Nikataka kuwaonyesha kwamba najua hata yasiyoandikwa. "Na jambo jingine," nikasema. "Wakati huu wa kiangazi, saa ya Falmouth ni sawasawa na saa ya Minnesota. Msiguse saa zenu!" Wakanipigia makofi. Na ni kweli kabisa, hata leo mkitafuta mtaona. Kwenye karatasi ya Kiswahili niliyowagawia niliandika kwamba saa ya mwisho ya kupanda ni kumi na nusu jioni. Ya Kiingereza ilikuwa na maneno "kwa saa ya meli". Niliyaacha. Niliona yanajaza karatasi bure.

Meli, wanangu, hubeba saa yake kutoka bandari ilikoanzia. Yetu ilianzia Florida, na Florida iko mbele ya Minnesota kwa saa moja. Siku mbili nzima baharini nilichelewa chakula cha jioni, nikamkaripia mhudumu kwamba ana haraka ya kutoa sahani. Akaniangalia kwa huruma. Wengine wote walifuata vipaza sauti na simu zao, hakuna aliyehangaika na saa ya mkononi.

Siku ya Falmouth tulitembea pamoja asubuhi, tukaliona lile kanisa, wakaimba mlangoni. Baada ya hapo kila mtu akashika njia yake. Niliporudi gatini nikiwa nimechoshwa na joto, nikijua nina saa moja na nusu, macho yangu yakaangukia saa kubwa juu ya ngazi. Ilionyesha saa kumi. Yangu ilionyesha saa tisa.

Wairimu alikuwa ameshika orodha yangu niliyomwachia asubuhi, amewatia alama watu ishirini na mmoja. "Mzee, ni Mama Furaha tu amebaki," akasema. "Na ana saa ya mkono, simu yake haishiki huku. Si wewe uli-tell watu wasiguse saa?"

Mama Furaha hakuwa raia wa Marekani bado. Alisafiri kwa kitabu cha safari cha mkimbizi, na kitabu chenyewe kilikuwa kwenye kasha chumbani mwake melini. Jamaika ilimruhusu kushuka kwa kuwa alikuwa abiria wa kutwa moja tu. Meli ikiondoka, angebaki nchi ya watu bila viza, ana kadi ya plastiki ya chumba mkononi, aanze tena kusimama madirishani akieleza yeye ni nani. Miaka kumi na sita ya kambi, halafu nimrudishe huko mimi, kwa kiherehere changu!

Nikamwambia ofisa wa ngazi kwamba natoka. "Kumi na nusu naiondoa," akanijibu. "Wewe ukiwa nje, utabaki nje na wewe."

"Nibaki," nikasema.

Nikaenda kanisani kwanza, kwa ujinga wangu, nikidhani mwimbaji atakuwa kanisani. Hayupo. Nikakimbia, kama kule kunaitwa kukimbia, hadi Uwanja wa Maji. Nikamwona. Amekaa kando ya chemchemi, kitenge chake cha kijani kimetanda, amevua viatu, anamweleza muuza madafu kwa mikono miwili jinsi ndoo inavyokaa kichwani. Lugha ya pamoja hawana, lakini wote wawili wanacheka.

"Papa Abeli! Juu ya nini uko nakimbia hivi?"

"Mama, twende. Meli inaondoka."

Akanionyesha saa yake kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Bado saa moja, Papa. Njo vile ulituambia weye mwenyewe."

"Nilikosea! Nilikosea mimi! Simama, Mama!"

Akasimama, na goti likagoma. Hatua tano, akashika ukuta. Muuza madafu, jibaba lenye mvi, alitutazama, akaitazama meli juu ya mapaa, akaelewa. Akamwaga madafu yote chini, akamnyanyua Mama Furaha, akamkalisha juu ya mkokoteni. Loo! Tukashuka barabara ile ya kihistoria, yeye anasukuma, mimi nakokota, Mama Furaha juu amekumbatia viatu anamwita Yesu kwa Kiswahili, na Falmouth nzima inatupisha. Honi ya meli ikalia tukiwa getini.

Ofisa alikuwa tayari ameshika kamba ya ngazi. Akauangalia mkokoteni, akaangalia saa. "Mizigo ya aina hii hairuhusiwi," akasema, kisha akampa Mama Furaha mkono, akampandisha. Mimi nilipofika juu nilikaa chini kwenye sakafu ya chuma, nikalia mbele ya watu. Sikuona aibu. Sijawahi kufurahi kiasi kile maishani, hata nilipooa.

Jioni hiyo, mezani, nilisimama nikawaambia wote kosa ni la nani. Mama Furaha hakuwa ameelewa hatari yenyewe mpaka hapo. Akaweka kijiko chini. Kisha akasema, "Papa, siku ingine sema kidogo." Wairimu akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona anacheka.

Niliporudi Minneapolis niliandika ripoti yote, bila kujipunguzia. Meneja wa Vikundi aliisoma amesimama. Nilikuwa nimeshatoa picha za wajukuu wangu mezani, nikijua naondoka.

"Umeandika 'kosa ni langu' mara tatu," akasema. "Moja inatosha. Rudisha picha zako. Halafu kila karatasi ya bandari, juu kabisa, kwa herufi kubwa: saa ya meli." Nilishusha pumzi mpaka naye akacheka. Nikafanya kazi miaka mingine mitatu, na katika kila mhadhara nilianza na saa, historia ikafuata baadaye, fupi.

Sasa nimestaafu, nakaa Crystal, na vijana wa kanisani huniuliza kazi ile ilikuwa na maana gani wakati kila kitu kipo kwenye simu. Nawaambia historia ya mji hata simu itakupa. Mimi nililipwa kujua watu wangu wako wapi sasa hivi, na siku moja nilisahau. Huwa wanaitikia kwa Kiingereza na kuondoka.

Mwaka uliofuata kustaafu kwangu Mama Furaha aliapishwa uraia mjini Saint Paul. Wiki kadhaa baadaye akaja kwangu, hakubisha hodi vizuri, hakungoja chai. Akatoa bahasha kwenye mkoba, na ndani ya bahasha pasipoti mpya ya buluu, akaiweka mikononi mwangu niione picha yake.

"Angalia vizuri, Papa Abeli," akasema. "Sasa bateau, meli yako ile, iniache tu. Nitapanda ndege."