Matuta Manne ya Bitekuteku

Siku ya kwanza ya masomo ya uzamili niliingia darasani na matope kwenye kandambili, kwa kuwa asubuhi hiyo nilikuwa bado namwagilia miche ya kitivo cha kilimo. Nilikuwa fundi wa bustani hiyo miaka mingi. Promota wangu, yaani profesa wa kunisimamia utafiti, alinitazama juu ya miwani.

"Bon, mama, ulikuya kusoma ao kuuzisha mboga?"

"Yote mbili, Profesa."

Watu wakacheka. Nikakaa mstari wa mbele.

Utafiti wangu ulikuwa wa bitekuteku, mboga ambayo wengine huita mchicha. Matuta mengine niliyapa samadi ya kuku, mengine maganda ya mpunga yaliyooza, na manne sikuyapa kitu. Hayo manne tunayaita témoin, shahidi: bila hayo hujui kama ni mbolea iliyosaidia au ni mvua tu. Promota alifundisha miaka yote kwamba maganda ya mpunga huzidisha mavuno.

Siku moja kabla ya kupima, kitivo kilipata wageni, mpishi akatumwa bustanini. Akachuma matuta manne yasiyo na kibao cha mbolea, akidhani hayana mwenyewe. Nilikuta vishina tu. Nililia, sifichi.

Promota hakushtuka. "Andika tu chiffre, namba yenye inafaa. Témoin inatoa kidogo, kila mutu anajua."

"Mimi sijui, Profesa. Nilipanda juu nipate kujua."

"Donc utapoteza mwaka muzima juu ya mboga yenye watu walikula?"

"Nitapoteza."

Nikapanda upya matuta yote, maana mvua ya msimu mmoja si ya msimu mwingine. Wenzangu walipata diploma, mimi nikabaki na jembe. Nilipopima, témoin na maganda ya mpunga vilikuwa karibu sawa. Samadi ya kuku peke yake ndiyo iliyozidi. Niliyasema hayo mbele ya watahini, promota akiwa ameketi palepale. Wakanipa alama ya chini kabisa ya kufaulu, nikaipokea kichwa juu.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama sijuti, maana sikuwahi kuwa profesa. Sijuti hata kidogo! Promota wangu ni profesa mpaka leo. Lakini wakulima wa njia ya uwanja wa ndege wa Bangboka wakitaka kujua waweke nini kwenye mboga zao, hawapigi hodi kwake. Wanakuja kwangu, nami nawaambia waache maganda, watie samadi ya kuku.